Jina Nililoliruka Pale Joshoni

Sijaisahau asubuhi moja ya Jumanne, mwanangu, pale josho la ng'ombe nje kidogo ya Burnt Forest. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeshika daftari na kalamu ya bluu, na najiona mtu mkubwa kweli kweli. Nilikuwa karani wa kamati ya josho. Usicheke. Siku hizo ukiwa umemaliza kidato cha nne na una mwandiko mzuri, wazee walikukabidhi daftari, na mwenye daftari aliogopwa kuliko chifu. Kila Jumanne niliita majina. Aliyeitwa alipitisha ng'ombe wake kwenye kijia cha mbao, wakaruka ndani ya dawa, wakaogelea, wakatoka upande wa pili wakitiririka. Asiyeitwa alirudi nyumbani na kupe wake.

Dada yangu Jerono alikuwa ameolewa na Kamau, kijana ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Mkoa wa Kati. Baba alinung'unika mwaka mzima kuhusu ndoa hiyo. Mama hakunung'unika. Aliwatolea ng'ombe mmoja wa maziwa ili wajukuu wake wasilale njaa, akaendelea na shughuli zake. Mimi nami nilimpenda Kamau. Ndiye aliyenifundisha kuendesha trekta, na alikuwa na mzaha mwingi. Nakwambia hivi ili usije ukafikiri nilimchukia. Sikumchukia hata kidogo, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Kisha ukaja mwaka wa kura. Unajua vile kura hapa kwetu hubadilisha hata salamu. Mwaka huo hakuna nyumba iliyochomwa, tunamshukuru Mungu, lakini watu walianza kusoma kura ya jirani kutoka kwa jina la baba yake. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema, kama anayetania, kwamba dawa imepungua, kwa hivyo tuanze na wetu kwanza. Hakutaja kabila, hakutaja chama, na sote tulielewa. Nikaenda nyumbani nikaandika orodha upya kwa mwandiko wangu ule mzuri, nikaacha nje familia tisa za waliohamia kwetu. Nilipofika kwa Kamau mkono ulisita, nakiri. Nikajiambia kwamba nikimwandika shemeji yangu na kuwaacha wengine, watu watasema napendelea. Mtu anaweza kujiona mwadilifu hata akiwa katikati ya ubaya, mwanangu.

Jumanne ikafika. Kamau akangoja na ng'ombe wake na mtamba mmoja mpaka watu wakaisha.

"Shemeji, hujaniita," akasema.

"Jina halipo, shemeji. Ni mambo ya kamati."

"Kamati si ni wewe?"

Niliangalia daftari kana kwamba kuna kitu nasoma. Akapigia ng'ombe mluzi, akaenda. Jumanne iliyofuata alirudi, nikamjibu vile vile. Ya tatu hakuja tena.

Haukupita mwezi, ng'ombe yule wa maziwa akashikwa na ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Tezi zikavimba chini ya masikio, akaanza kukohoa, maziwa yakakatika. Mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa nimeacha kupita kwa dada yangu. Mama ndiye aliyesikia, tena kanisani, kutoka kwa mtu baki.

Jumanne iliyofuata alikuja joshoni mwenyewe, na gambuti zake miguuni na kitambaa chake cha kanisa, akiswaga ng'ombe wanne. Hao wanne walikuwa mahari yangu. Mwisho wa mwaka tulitarajia kwenda Timboroa kwa kina msichana mmoja, ambaye sasa ni mama yako. Nikaita jina la Mama. Akasimama kwenye mlango wa kijia, akauziba.

"Soma ya Kamau kwanza."

"Mama, watu wako laini, wanangoja."

"Nimewaona. Soma."

Nikaita jina lake tena. Hapo akapaza sauti, na Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Basi na mimi unitoe! Msichana wa pili wa Jerono anaitwa nani? Si anaitwa Tapkigen, jina yangu? Hiyo ni desturi ya kina Kamau, msichana wa pili anapewa jina ya mama ya mke. Waliniweka kwa nyumba yao hivyo, na wewe unawatoa kwa daftari. Sasa Tapkigen mdogo akose maziwa, na Tapkigen mkubwa akuje kuogesha ng'ombe hapa? Nitoe!"

Akawageuza ng'ombe wote wanne, akarudi nao nyumbani bila kuogeshwa. Hakuna aliyecheka. Wazee wa kamati walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Nilifunga daftari nikaazima pampu ya kunyunyizia dawa, nikaenda kwa Kamau nikiwa nimeibeba mgongoni. Nilimkuta anachimba shimo. Ng'ombe alikuwa amekufa asubuhi hiyo. Nikachukua jembe la pili tukachimba pamoja. Tulipomaliza nikamnyunyizia mtamba dawa kuanzia masikio hadi mkia, na Kamau akamshika pembe. Kisha Jerono akatuita chai.

Ilikuwa strungi, nyeusi tii. Nyumba ya dada yangu, ambako sikuwa nimewahi kunywa chai isiyo na maziwa.

"Kunywa," Jerono akaniambia. "Hakuna maziwa. Unajua kwa nini."

Tapkigen mdogo akapanda magotini pangu, maana mtoto hajui mambo ya kamati. Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya dada yangu na shemeji yangu, na sioni haya kukuambia.

Jumanne iliyofuata nilisoma majina yote, yale tisa yakiwemo. Mwenyekiti akanifokea. Nikampa daftari, nikamwambia ayasome yeye, na yale ya kuacha ayaache watu wakisikia. Alilishika, akawaangalia majirani waliokuwa wamesimama pale, akaanza juu na hakuruka hata moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba ule ubaya wote ulihitaji mtu wa kuuandika kimya kimya nyumbani, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nimekusimulia haya kwa sababu wiki jana ulinipigia simu kutoka Langas ukafurahi kwamba umechaguliwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa. Nilifurahi nawe, Mungu anajua. Kisha ukacheka ukasema wale wa upande ule mwingine wa siasa watachota mwisho. Ulikuwa unatania, najua. Hata mwenyekiti wetu alianza kama anayetania.

Siasa bishana, mwanangu. Bishana hadi sauti ikauke, mimi nawe tumebishana mara ngapi? Lakini ukishika orodha ya kitu ambacho kila mtu anahitaji, maji, dawa, chakula cha msaada, weka kura kando. Andika kila jina. Ukiambiwa uache moja, mwambie anayekutuma alisome mbele ya watu. Na ukishakosea, nenda mwenyewe kwa uliyemkosea, usitume mtu. Familia yetu imechanganyika sana siku hizi, ina kina Kamau, ina shemeji wa Busia, na wajukuu wengine hata sijui nitawaita wa wapi. Kila orodha utakayoiandika hapa nchini, ujue kuna mtu wetu ndani yake.

Kamau amezeeka kama mimi. Tunaongea kila Jumapili, na hajawahi kunikumbusha siku ile. Lakini hadi leo sijui kura yake alimpa nani. Nilimnyima dawa bila hata kumuuliza.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika majina na mzito wa kuyafuta. Akupe majirani wanaokukemea kwa upendo. Na popote utakapobisha hodi, mwanangu, ukaribishwe chai yenye maziwa.