Ratiba ya Choo

Ratiba ile niliiandika mimi, kwa rula na kalamu nyekundu. Nilikuwa karani wa ghala la ndengu pale Matiliku. Msimu wa mavuno, kina mama kumi na wawili walikaa kwenye meza ndefu wakichagua mawe na punje mbovu, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Lori likingoja mzigo, walipitiliza. Mwenye ghala alilalamika kwamba kila akiingia anakuta viti vitupu. Nikampa dawa: kila mtu aende choo mara mbili kwa siku, kwa zamu, dakika tano. Niliwasomea nikijivunia jinsi zamu zisivyogongana.

Mwisho wa meza alikaa mama mmoja wa Ikutha. Aliniita mwalimu kwa sababu ya vitabu vyangu, ingawa shule niliachia darasa la sita.

"Mwalimu," akasema nilipomaliza, "hata mbuzi ya kwetu huenda ikitaka."

Wenzake walicheka. Nami nikacheka, kisha nikaibandika ratiba ukutani.

Viti vilijaa. Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba mtungi wa maji ya kunywa, tuliokuwa tukiujaza mara tatu kwa siku, sasa ulifika jioni karibu haujaguswa. Walikuwa wameacha kunywa. Joto la bati, vumbi, kutwa nzima, na kikombe kikavu juu ya kifuniko. Nikaandika kwenye daftari: mtungi mmoja unatosha. Niliona ni nafuu.

Misimu mitatu ikapita hivyo. Kisha yule mama akaanza kuja na ndala za mumewe, kwa kuwa miguu haikuingia tena kwenye viatu vyake. Aliposema mgongo unamuuma, nilimwambia ni kukaa sana, awe anajinyoosha. Nilikuwa nimesoma hivyo mahali. Alipopimwa hospitalini, figo zilikuwa zimeisha. Daktari alitaja presha pia, kwa hiyo sisemi ni maji peke yake. Lakini alimuuliza hunywa maji kiasi gani akiwa kazini, naye akajibu ukweli: hanywi.

Nilimtembelea Kwa Vonza, kwa binti yake, ambako sasa anaishi ili awe karibu na mahali anapokwenda kusafishwa damu. Binti alimletea maji katika kikombe kidogo cha plastiki chenye alama ya wino. Yakizidi alama, mwili hauwezi kuyatoa, na kikombe kingine ni cha jioni. Mama alionja kidogo, akakiinua nikione.

"Hii ratiba yao ni kali kuliko yako, mwalimu."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekasirika.

Jumatatu nilifika ghalani mapema, nikaibandua ile karatasi ukutani. Kabla ya chakula cha mchana, msimamizi wa ghala alikuwa ameshabandika nyingine, iliyochapwa kwa kompyuta. Mistari yake imenyooka kuliko yangu. Zamu ni zile zile.