Simu ya Wifi Kelera

Kwa ulimi hakuna aliyemshinda Mereoni pale sokoni Nausori, huku kwetu Fiji, anapouza magimbi. Kilichomshinda yeye ni wivu. Najua ninachosema, maana nyumba zetu zinatenganishwa na vishina vichache vya mihogo, na ukuta wa bati haufichi kitu.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya simu. Wifi yake Kelera, dada wa mumewe, anafagia hospitali na ana hati ya mshahara, kwa hiyo duka likamkopesha simu kubwa ya kioo, alipe kidogo kidogo kila akipokea mshahara. Mereoni naye akaenda dukani, akaulizwa hati ya mshahara. Muuza magimbi ataitoa wapi? Akarudi amenuna.

Mwanawe wa pekee, Sakiusa, yuko Australia anachuma matunda. Kila Jumapili baada ya kanisa uso wake ulitokea kwenye simu ya Kelera. Shangazi mtu, asiye na mtoto, anacheka naye kwanza, na mama mzazi anangoja zamu. Iliuma, tusidanganyane.

Jumapili moja uvumilivu ukamwishia. Tuko mkekani tunakula, Mereoni akapiga makofi ya heshima. "Wifi, kerekere. Naomba hiyo simu."

Kwetu, ndugu akikuomba kwa neno hilo humnyimi, labda uwe huna haya. Kelera akaangalia sahani yake.

"Na meno yangu je, wifi, huyataki?"

"Mapengo yale? Baki nayo. Nipe simu."

Watu wakaangua kicheko, maana mawifi ni watani. Kelera akaitoa simu, lakini yeye hakucheka.

Tangu hapo Mereoni akawa anajifungia na simu chumbani. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Shangazi yako hajambo, ana kazi nyingi. Niambie mimi, mwanangu." Kelera alipita kwenda kazini asiulize neno. Roho mbaya ile ya Mereoni, nilitamani kumzaba kibao.

Kisha akaja kwa Mereoni kijana wa duka, shati limenyooka kwa pasi.

"Mama, nimefuata simu. Malipo yamesimama."

"Kelera hahusiki tena. Nilimwomba, akanipa."

"Haikuwa yake kuitoa, mama. Deni lisipoisha, simu ni ya duka."

Mereoni akapiga makofi tena. "Basi naliomba duka. Kerekere, baba."

Kijana ni wa kwetu, na haya zilimshika kwelikweli. Akainamisha macho. "Ingekuwa yangu ningekupa, mama. Duka halina ndugu." Akaondoka nayo.

Mereoni akaipita mihogo na nyumba yangu mbio hadi kwa Kelera, nami nyuma yake, ningeyakosaje hayo? "Umeniaibisha! Kwa nini hukulipa?"

Kelera alikuwa anamenya mihogo, wala hakuinuka. "Nilipie nini, wifi? Mimi nilikuwa nalipia Jumapili. Nilikula mihogo mitupu ili nimsikie yule mtoto akiniita. Simu uliomba, nikakupa. Mtoto hukumwomba. Ulimficha tu."

Mereoni, na ulimi wake wote ule, akageuka akarudi kwake. Kesho yake akauza magimbi kwa bei ya kutupa, hata yale ya kula nyumbani. Wakaenda dukani pamoja, wakalipa malimbikizo, simu ikarudi. Mereoni mwenyewe akamkabidhi Kelera.

Jumapili wakakaa bega kwa bega, Mereoni amejisogeza hadi karibu aingie ndani ya kioo. Sakiusa akatokea, jua limemchoma, meno yote nje.

"Shangazi! Ulipotelea wapi? Kila wiki nakuulizia!"

Kelera akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mereoni alitabasamu, lakini mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona vidole vyake vikiufinya mkeka. Mkono ukainuka kidogo kuelekea kwenye simu, kisha akaurudisha mapajani, akangoja zamu yake.