Oili Chafu Miguuni mwa Watasema

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mbwa anajilamba, na nilikuwa nimeapa sitakusimulia, mwanangu. Lakini jana nilikuuliza kwa nini Popi anaacha alama nyekundu kwenye sementi ya baraza, ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, si ni mbwa tu." Nikaingia ndani, maana ningefungua mdomo ningekuumiza. Leo hasira imepungua, sijasema imeisha. Kaa usome. Uko darasa la nne, kusoma unajua.

Nilikuwa kidato cha pili, tunaishi Nkuhungu kwa babu yangu mzaa mama. Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa ufuta na alizeti, mtu wa swala tano. Wezi wa kuku walipomzidi akaleta mbwa wa ulinzi, na kwa kuwa alijua majirani hawatanyamaza wakimwona mzee wa msikitini anafuga mbwa, akamwita Watasema. Wakasema kweli. Babu akipita karibu naye aliikusanya kanzu mkononi isiguswe na mate, kwa sababu mate ya mbwa ni najisi na kuyaosha ni kazi: mara saba, mojawapo kwa udongo. Miaka yote ile sikumwona akimgusa mbwa yule hata kwa kidole.

Kumtoa nje ilikuwa kazi yangu. Banda lake lilikuwa na mlango wa bati, na sakafu ya zege isiyolainishwa, kokoto zimechomoza. Asubuhi nimtoe akatembee kwenye mchanga nyuma ya nyumba, jioni tena. Kazi ya robo saa. Sasa babu akasafiri kwenda Kondoa kununua ufuta, akaniachia mbwa. Mama yangu alikuwa na kazi Area D, anatoka alfajiri, akirudi amechoka. Na mimi wiki ile nilikuwa na mazoezi ya ngonjera ya mahafali, najiona mtu mkubwa. Nikawa namrushia chakula na kummiminia maji juu ya mlango naondoka. Siku ya kwanza. Ya pili. Siku sita, mwanangu. Anakwangua bati, anazunguka juu ya kokoto, namsikia, nasema huyu naye ananipigia kelele.

Siku ya saba nikafungua mlango kwa sababu babu alikuwa anarudi. Watasema hakutoka. Nikainama kumtazama. Kucha za miguu ya mbele zilikuwa zimelika mpaka kwenye nyama. Moja imepasuka katikati. Ile ngozi nene ya chini ya unyayo imechubuka yote, imebaki nyekundu kama nyanya iliyomenywa. Alinitazama akatikisa mkia. Hilo la mkia mpaka leo linanichoma.

Nikuambie ukweli: sikumwogopea mbwa, nilimwogopa babu. Nikakimbilia kwa fundi pikipiki wa pale kona.

"Kaka, mbwa wetu ana vidonda miguuni."

"Mpake oili chafu, dada. Nzi hawasogei, na kidonda kinakauka."

"Haitamdhuru?"

"Ni mbwa huyo, dada, siyo bwana harusi."

Akanijazia kwenye chupa ya juisi, oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, nyeusi tii. Nikampaka miguu yote minne mpaka ikang'aa. Nilichoipendea ile oili ni rangi yake. Nyeusi inaficha nyekundu.

Mbwa mwenye kidonda anafanya nini? Analamba. Sikuliwaza hilo hata kidogo. Babu alipoingia getini na begi lake, Watasema alikuwa anatapika matapishi meusi na miguu inamtetemeka.

Babu hakufoka. Alinitazama, akaitazama miguu ya mbwa, akavuta hewa puani. Kisha akaweka begi chini, akakunja mikono ya kanzu, akakaa mavumbini, akaushika mguu wa Watasema kwa mikono yake miwili na kuuweka pajani. Yale matapishi yalikuwa yamenishtua, lakini hili lilinitoa akili.

"Babu, kanzu yako. Najisi," nikasema kama mjinga.

Hakuinua macho. "Najisi ina maji yake. Haya uliyoyafanya wewe utayaoshea nini?"

Akaniambia nilete maji ya vuguvugu na sabuni, nimpigie simu na bwana mifugo. Akaosha kidole kimoja kimoja, katikati ya vidole, oili ikitiririka mpaka kwenye viwiko vyake. Bwana mifugo akaja na bodaboda, mtu mzima aliyesomea kazi yake chuo cha mifugo, Mpwapwa. Akanusa, akauliza nani kampaka hii.

"Mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Ulitaka kumtibu au kumficha?"

Akamchoma sindano, akasema mbwa akiifikia kesho atapona. Babu akaenda kujiosha. Nikampelekea kopo la maji nimmwagie, akalichukua mkononi mwangu, akajimwagia mwenyewe.

Watasema alipona. Kucha ziliota baada ya miezi. Lakini mpaka naolewa, kila aliponiona nakuja alilala chini haraka na kuikunja miguu yake chini ya tumbo. Kwa babu aliinyoosha, hata kwa wageni. Kwangu aliificha.

Kwa hiyo nisikilize, na sirudii. Popi umemfungia barazani tangu Jumatatu. Mbwa anatembezwa kwenye udongo, asubuhi na jua likishapoa. Kabla hujampitisha barabarani weka kiganja chako kwenye lami. Usipoweza kukiacha hapo, na yeye hawezi kukanyaga. Akirudi tazama katikati ya vidole, miba na vijiwe vinakaa humo. Panapobidi akae kwenye sementi, mtandikie gunia. Kucha zake usizikate kwa wembe, ndani kuna nyama iliyo hai. Akichubuka, maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kitambaa safi, basi. Siyo oili, siyo mafuta ya taa, siyo dawa uliyoelekezwa na fundi pikipiki. Kisha uje uniambie. Nitafoka, ndiyo, mimi ni mama yako, nitafoka sana. Bado uje. Kilichokaribia kumuua Watasema si zege peke yake, ni mimi kutaka kuonekana sijakosa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe moyo wa kusema "ni mimi" mapema, kidonda kikiwa bado kidogo. Amina.