Nilienda Beni kupima macho nikuwe pilote wa helikopta ya jeshi, dada yangu njo akaona

Wakuu, nawasalimia kutoka Butembo, commune ya Vulamba. Kiswahili yetu ya huku imechangana na Kifaransa, donc muivumilie tu. Haya yote yalinipata miye mwenyewe. Mama angali muzima, nikiongeza chumvi atanikosoa, na anapenda sana kunikosoa.

Tangu utoto nilitaka kitu moja: kuendesha helikopta ya jeshi.

Jirani yetu mumoja, askari, alipigwa risasi mbali na mji. Helikopta ikamubeba mpaka hôpital, na leo anatembea, anagombana na muke yake kama kawaida. Kwa hiyo kwangu haikuwa mambo ya kuvaa miwani nyeusi.

Bon, miwani pia.

Nilipata diplôme ya math-physique, mais kazi hakuna, nikawa nauzisha vitenge mu duka ya mama. Siku tulisikia ku radio jeshi inatafuta vijana ba kufundishwa urubani, na visite médicale, kupimwa mwili, itafanyika Beni, sikumaliza hata chai.

Mama akasema leki yangu, dada yangu mudogo Kavira, anisindikize. Kazi yake ilikuwa kubeba chakula na kuhakikisha nakula. Yeye pia alikuwa na diplôme kama yangu, mais ndoto yake ilikuwa kazi ya benki, mahali kuko climatiseur ya kuleta baridi.

Tulilala kwa mama mudogo, commune ya Beu. Asubuhi tukafika ku kambi ya jeshi.

Moyo: bien. Mapafu: bien. Masikio: bien. Docteur, mwanajeshi mwenye sauti ya upole, alikuwa anaitika kwa kichwa kwa furaha. Miye mu roho nilishaanza kujiita Commandant.

Kisha akafungua kitabu yenye kujaa madoa ya rangi.

"Unaona chiffre gani, namba gani?"

Nikaangalia. "Docteur, naona maharagi."

Akageuza ukurasa. "Na hapa?"

"Maharagi tena. Ya aina ingine."

Akageuza ingine. Nikainama karibu nayo. "Docteur, hii kitabu haina makosa?"

Mlango ulikuwa wazi sababu ya joto. Kavira alikuwa amesimama pale na sufuria yake. Uvumilivu ukamuishia.

"Yaya, kaka yangu, unacheza? Septante-trois, sabini na tatu! Iko kubwa vile!"

Docteur akageuka polepole. Akamuonyesha ukurasa ingine. Kavira akajibu mbio. Ingine, akajibu. Alijibu yote, sufuria mkononi.

"Wewe ni candidat?"

"Hapana, Docteur. Miye nimeleta wali."

"Diplôme?"

"Math-physique."

"Urudi kesho upimwe yote, makaratasi utaleta kisha." Kisha akanigeukia miye, kwa ile sauti yake ya upole. "Kijana, macho yako haitenganishe nyekundu na kijani. Ulizaliwa vile. Ku helikopta haiwezekani."

Wakuu, nilikatala. Nilimuambia miye nauzisha vitenge, rangi ni kazi yangu! Nikapigia mama simu mbele yake, sauti ya bote kusikia, nimupe ushahidi.

Nikamuambia mama maneno ya Docteur. Kisha nikasikia anaanguka na kicheko.

"Kumbe njo sababu ya ile chorale!"

Chorale, kwaya ya bamama ba kanisa, waliagiza vitenge vya kijani, nikawapimia miye mwenyewe. Siku ya fête nusu yao walitokea kijani, nusu nyekundu, kama shamba ya kahawa yenye kuanza kuiva. Miye nilikuwa nimepiga makofi. Niliwaona banafanana kabisa.

Hata Docteur alicheka. Miye sikucheka.

Jioni ile sikugusa wali. Kavira akakaa karibu yangu.

"Yaya, sitaenda. Ile ndoto ni yako."

Nikamugeuzia mugongo. Nilikuwa na hasira na yeye, na Docteur, na macho yangu, na kahawa yote ya Kivu.

Mais asubuhi nilimukumbuka yule jirani. Siku ile walimubeba, hakuuliza nani anaendesha. Nikaenda kugonga mlango ya Kavira.

"Vaa viatu."

"Vya kwenda wapi?"

"Vya kwenda jeshi. Vaa, tunachelewa."

Miaka imepita tangu siku ile. Majuzi helikopta ilitua Beni, na mwenye kukaa mbele, kandokando ya commandant, alikuwa Kavira, pilote wa pili. Miye na mama tulipewa ruhusa ya kumusalimia dakika chache.

Mama hakushangaa hata helikopta. Alimunyoosha Kavira kola, akamuuliza kama amekula, kisha akasema tuombe.

Nyinyi hamujue maombi ya mama yangu. Aliombea injini, mafuta, upepo, mawingu, na bote benye kusafiri duniani. Wakati yao ya kuruka ikapita. Nikafungua jicho moja: commandant na askari wake bote walikuwa wameinamisha vichwa, kofia mkononi.

Hakuna mwenye alithubutu kusema amina kabla yake.

Somo yangu ni fupi, wakuu: ukienda kutafuta bahati, peleka na mudogo wako, pengine ni yake. Na mupime macho mapema.

Kama nawe mwili ulikukatalia kazi yenye ulipenda, andika hapa chini, ulifanya nini. Benye kucheka mucheke, miye nilishazoea.