Bukuru Yuko Nyumbani kwa Mama

Betri kuukuu zikianikwa juani hutoa harufu ya kutu yenye uchachu kidogo. Kwetu Heru Juu harufu hiyo ilichanganyika na ya mihogo, kwa kuwa Bibi alizianika kwenye ungo mmoja na makopa. Jumamosi iliyopita nilipita kwa fundi redio mmoja hapa Kibondo, ninakofanya kazi, nikakuta amezipanga betri zake juu ya bati. Nikasimama hapo hapo.

Bibi, mama yake baba yangu, alibana matumizi ya kila kitu, hata chumvi, lakini redio yake haikukosa betri. Mwisho wa wiki alasiri hakuna aliyethubutu kuigusa, maana ndipo Butoyi alipotangaza mpira. Nikimtaja kwa majina yake yote mtamjua mara moja, basi niacheni nimwite kwa hilo moja tu.

Bibi hakujua kona wala penalti. Butoyi akipandisha sauti mshambuliaji anapolikaribia goli, yeye alishika kifua na kulalamika: "Mtoto huyu atapasua koo! Huko aliko hakuna hata wa kumpa maji?" Goli likiingia sisi tuliruka. Bibi alishusha pumzi.

Alikuwa na haki ya kuhangaika, kwa sababu alimnyonyesha. Mama yake Butoyi, jirani yetu, alifariki akijifungua, na Bibi wakati huo alikuwa na mtoto wake wa kwanza, mchanga bado. Akampa mmoja ziwa la kulia, mwingine la kushoto. Majirani wakaanza kuwaita Bukuru na Butoyi, majina tunayowapa mapacha, mkubwa na mdogo. Bukuru alikuwa wa kwake. Na pacha kwetu hapewi kitu peke yake. Ukimchomea mmoja hindi, uwe na la mwenzake. Bibi alilishika jambo hilo kama aliyewazaa tumbo moja, hata baba yangu alipozaliwa akampa jina la Kiza, jina la anayefuata mapacha. Lakini kufikia hapo Bukuru alikuwa ameshakufa kwa surua, hata kuongea vizuri hajajua. Walimzika nyuma ya nyumba, penye migomba. Butoyi akachukuliwa na baba yake mdogo, akakulia Dar es Salaam, akawa huyo mnayemsikia.

Redioni Butoyi alikuwa na utani wake. Mtu wa kwetu akikutana na Butoyi yeyote lazima amuulize hali ya Bukuru, na mtangazaji mwenzake alikuwa ameshaijua desturi hiyo. Mpira ukipoa alimchokoza: "Butoyi, pacha wako yuko wapi leo?" Naye alijibu kwa ile sauti yake: "Bukuru nimemwacha nyumbani kwa mama!"

Watu walicheka nchi nzima. Bibi hakucheka. Aliigeukia redio, akaijibu kwa Kiha, taratibu, kama anayeitikia hodi: "Yupo."

Aliamini kwamba Butoyi anakumbuka. Na mimi niliamini.

Nilikuwa darasa la nne habari ilipotufikia kwamba Butoyi atakuja Kasulu mjini, mgeni rasmi kwenye fainali ya mpira. Bibi akasuka vikapu viwili vipya. Akachagua maharage, akavijaza, akawa anavipima mkononi, anapunguza huku anaongeza kule mpaka vikalingana. Kisha akaenda kwenye migomba, akakata majani makavu yote na kufagia.

"Nikimpa hivi viwili ataniomba nimpeleke kwa ndugu yake," alisema. "Nitamleta. Akae naye kidogo."

Tulikwenda kwa miguu, kila mtu na kikapu chake kichwani. Vijana wa bodaboda walituita, Bibi akawajibu kwamba pikipiki zao zitamwaga maharage ya watu.

Uwanjani nilipigwa na butwaa. Nilimtegemea mtu mrefu kama mnazi, kumbe ni mfupi, ana kitambi na kipara kinachong'aa jasho. Mwenyekiti wa kijiji chetu alitusogeza mbele, akamnong'oneza mgeni. Na hapa nimtendee haki: alipoambiwa huyu ndiye mama aliyekunyonyesha, Butoyi alipiga magoti vumbini na suruali yake nzuri, mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mama."

Bibi aliinama, akapiga makofi yale madogo ya salamu zetu. "Mwakeye, mwanangu. Mwakeye."

Walishikana mikono kwa muda. Niliona macho ya yule bwana yakilowa. Kisha akaviona vikapu. "Mama, vyote hivi? Mimi si niko mmoja?"

"Na Bukuru?" Bibi akauliza.

Butoyi akasimama. Akawatazama watu, uso ukachangamka, ikatoka sauti ya redioni: "Bukuru nimemwacha nyumbani kwa mama!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Naye alicheka, mkono wake begani kwa Bibi, na usoni mwake hamkuwa na kitu kingine chochote. Hakujua. Waliomlea walimwambia nani alimnyonyesha, wasimwambie alinyonya na nani. Jina lenyewe alidhani ni la ukoo, lenye utani wake mtamu.

Nilimtazama Bibi nikijua sasa atasema. Mdomo wake ulifunguka. Ukafungika.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Yupo nyumbani."

Akampa kikapu kimoja. Dereva aliponyoosha mkono kuchukua cha pili, Bibi alikikumbatia. "Hiki kina mwenyewe."

Njiani nililia kwa hasira. "Bibi, mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini?"

"Kwamba Bukuru alikufa!"

"Tembea, mvua inakuja," alinijibu.

Maharage ya kikapu cha pili hatukuyala. Aliyapanda kule kwenye migomba. Na mwisho wa wiki akawasha redio kama kawaida, utani ukaja, akaitikia "Yupo" kwa sauti ile ile, na mimi nikatoka nje. Nilimwona bibi yangu mwoga, kama watu wengi wanavyonywea mbele ya wakubwa. Niliubeba uchungu huo miaka mingi.

Bibi alipofariki tulimzika pale pale, ubavuni kwa Bukuru. Kwenye msiba nilitafuta mtu wa kunisimulia habari za yule mtoto, nikamkosa. Waliomjua walikuwa wametangulia. Baba hakumwona. Picha hakuna, nguo hakuna, na msalaba wake wa mti mchwa walishaumaliza zamani. Ndipo nilipoelewa, nikalia kuliko nilivyolia siku ya kuzika. Duniani kote palibaki mahali pamoja tu ambapo jina la Bukuru lilitajwa kwa sauti. Butoyi angejua, mtu muungwana vile aliyepiga magoti vumbini, angeona haya, na utani ule asingeurudia maisha yake yote. Bibi alilipima jambo hilo kwa muda wa kufungua mdomo na kuufunga. Alikwenda kutafuta mtu wa kukaa na mwanawe kidogo. Alipomkosa, akaamua angalau aendelee kutajwa.

Basi Jumamosi hiyo, kwa fundi, redio ilikuwa inatangaza mpira. Sauti ya Butoyi siku hizi ina mikwaruzo ya uzee. Mwenzake, kijana mpya, akamuuliza pacha wake yuko wapi.

"Bukuru nimemwacha nyumbani kwa mama!"

Wateja wakacheka. Fundi akainua uso. "Mama, wewe mbona hucheki?"

Sikumjibu yeye. Niliigeukia redio.

"Yupo," nikasema. "Yuko na mama."