Stata Niliyoifungua Bungu

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya shati nililovaa, na kila nikiikumbuka natamani ingekuwa ya mtu mwingine. Sijapata kumsimulia mtu ila mama yako, naye nilimwambia nusu tu. Leo nakusimulia wewe yote, kwa sababu jana nilipita gereji kwako nikakuona umelala chini ya gari, visikilizio masikioni, na mwenye gari amesimama pale mama wa watu, unamjibu kwa mguu. Usinune. Kaa hapa.

Nilikuwa fundi kijana pale Bungu, kando ya barabara kuu. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kujifunza ufundi, miaka miwili tu, nikarudi kichwa kimevimba. Nikiongea naongea haraka haraka kama watu wa mjini. Mteja akifika naanza na tatizo: gari lina nini, lete ufunguo. Zile salamu zetu ndefu, za utokako na wendako na watu wa nyumbani hawajambo, niliziona za washamba zinazonipotezea muda.

Basi asubuhi moja, yapata saa tatu, likasimama gari ambalo Bungu hatujapata kuliona karibu. Gari la kulala, lile la zamani lenye kitanda ndani, jiko na vipazia vya maua dirishani. Alikuwa analiendesha mtu mzima, mweusi kama sisi, kofia kichwani, jina lake Bwana Athumani. Alikuwa dereva wa Wazungu fulani huko mjini, nao ndio waliompa gari hilo kwa safari yake. Alisimama kutia maji kwenye rejeta, akazima injini. Kuwasha tena, stata, ile mota ya kuwashia injini, ikagonga mara moja tu, tak, ikanyamaza.

Watu walikwisha jaa. Wengine wanachungulia kitanda, wengine wanashika vipazia. Nami nikaona hii ndiyo siku yangu. Watu waniite Mshamu fundi wa magari ya Wazungu! Shikamoo nilimtupia nikiwa nimekwisha inama uvunguni. Marahaba yake hata sikuisikia.

"Fundi," akaniambia kwa upole, "nikipata watu wa kunisukuma, si litawaka?"

Lingewaka, mwanangu. Betri ilikuwa nzima, taa zinawaka vizuri, na pale Bungu tulikuwa tukisukuma magari kila siku ya Mungu. Watu walikuwepo, tena wengi. Lakini likisukumwa likawaka litakwenda zake, na mimi nitabaki nimeshika spana mkononi mbele ya watu wote wale. Nikamjibu bila kutoka uvunguni, "Gari la namna hii halisukumwi, mzee. Utaua giaboksi."

Uongo mtupu. Nimeusema kwa ulimi wangu huu huu ninaoswalia.

Akasema, "Haya, fundi, wewe ndiye unayejua." Akaenda kukaa kwenye benchi la Bi Somoe, yule mama aliyekuwa akiuza chai na vitumbua jirani na gereji.

Nikaishusha stata, nikaitandikia gunia mchangani, nikaifungua watu wakitazama. Nilikuwa naeleza kila kipande kwa sauti, kama mwalimu. Hii ndiyo shafti, hizi ndizo brashi za kaboni, angalieni zilivyolika. Mara springi moja ya kushikilia brashi ikaruka, ikaingia mchangani. Kijispringi chenyewe kidogo kuliko ukucha. Nikaanza kuchekecha mchanga wa Bungu kwa vidole, jua linapanda, watu wanaondoka mmoja mmoja kwa sababu hapakuwa tena na cha kutazama. Bwana Athumani alikuja mara mbili, akasimama, akatazama jua, akarudi kukaa. Hakunihimiza. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi, mimi bado nimepiga magoti natafuta springi.

Hapo ndipo Bi Somoe aliporudi kutoka kwake. Asubuhi ile biashara alimwachia bintiye. Akamkuta mgeni kwenye benchi lake, akamwamkia kama inavyopasa: hujambo bwana, habari za utokako, watu wako hawajambo, na wendako kwema? Nilimsikia mgeni akijibu taratibu.

"Niendako si kwema, mama. Nimefiwa na mama yangu mzazi, huko Umwe, kule Ikwiriri. Ujumbe ulinifikia alfajiri. Wamesema watanisubiri."

Mikono yangu ilisimama mchangani.

Bi Somoe hakupiga kelele. Alimpa pole, akamwombea marehemu, kisha akaja mpaka kwenye gunia langu akainama. "Mshamu. Umemuuliza baba wa watu anakwenda wapi?"

Nikazidi kuinamia mchanga.

"Hili gari lina nini hata lisisukumwe?"

Akanitazama, akajua. Yule mama alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, asingeshindwa kunisoma uso. Akasema, "Loo, Mshamu! Mtu anakwenda kumzika mamake, wewe unacheza!" Kisha akageuka akaita watu.

Tulilisukuma. Stata iko chini kwenye gunia, mimi waya wake nimeufunga mpira usiguse bodi, na gari hilo lilikwenda hatua ishirini likawaka. Hatua ishirini, mwanangu! Ilikuwa saa nane. Siku hizi ni lami, Ikwiriri unafika kabla soda ya baridi haijapata moto. Wakati ule barabara ilikuwa mashimo na mchanga, na Umwe ni mbele huko. Bwana Athumani alitoa mkono dirishani akatushukuru sote, na mimi pia.

Springi niliiona jioni, chini ya goti langu mwenyewe. Brashi nilizipata kwenye stata chakavu, nikasugua shafti kwa msasa, nikafunga, nikaijaribu kwenye betri ikalia vizuri. Siku ya tatu nikaitia kwenye kiroba, nikapanda lori mpaka Ikwiriri, nikauliza njia ya Umwe.

Nilikuta watu wamekaa mikekani, khitma imekwisha. Mzee mmoja, mjomba wa Bwana Athumani, akanikaribisha bila kunijua. Akanisimulia kwamba mpwa wake huyo alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu. Walimngoja tangu adhuhuri, wakaswali alasiri, wakangoja tena kidogo, lakini maiti ana haki yake. Alifika watu wanakung'uta mchanga mikononi. Hata uso wa mama yake hakuuona.

"Gari lilimharibikia Bungu," mzee akasema. "Bahati alipata fundi mmoja kijana, mtu mwema, ndiye aliyemsukuma. Bila yeye angelala huko huko."

Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe hivyo ndivyo alivyowaambia watu wake.

Bwana Athumani mwenyewe akatoka ndani, akaniona na kiroba changu. Akaja akaketi karibu yangu, akanipa mkono, akaanza kuniamkia. "Hujambo, Mshamu? Habari za Bungu? Habari za njiani? Bi Somoe hajambo?" Kisha akaniuliza, "Na mama yako, hajambo?"

Mama yangu alikuwa hai, mzima, nimemwacha anapepeta mchele. Nikainamia kiroba changu. Nikalia mbele ya wafiwa kama mimi ndiye niliyefiwa. Nikamwambia kweli yote, kwamba gari lilikuwa linasukumika tangu mwanzo, nami nilijua.

Akasema, "Mimi ni dereva miaka mingi, Mshamu. Nilijua linasukumika. Lakini ulisema wewe fundi, nikaona labda nimekosea mimi." Hakunitukana. Angenitukana, labda leo ningelala vizuri.

Mwanangu, ninalotaka kukwambia ni hili. Mtu akija kwako, vua hivyo vidude masikioni, simama, mwamkie mpaka mwisho, ngoja marahaba yake. Muulize anakotoka na anakokwenda kabla hujauliza gari lina nini. Na kama gari linasukumika, lisukume liende. Wa kukutazama watapatikana siku nyingine. Mtu anayekwambia wewe ndiye unayejua amekukabidhi siku yake nzima, na hujui ndani yake mna nini.

Mungu akujalie mikono myepesi na riziki ya halali. Akuondolee kiburi mapema kuliko alivyoniondolea mimi. Na siku mtu akikuuliza mama yako hajambo, akujalie uso wa kumtazama ukamjibu.