Walikata Pointi, Wakavunja Mkono

Kwa chama yetu ya wamama wa soko hapa Karatina, mtu akikula pesa ya wenzake hatuendi korti. Tunaenda kwake. Tunaingia, tunabeba viti, tunabeba godoro, tunabeba mtungi ya gesi hata kama chai iko juu inachemka. Kuna mama wa viazi alitusimamisha mlangoni kwake, akatuambia na ile sauti yake ya puani, “Wamama, si mungoje mwisho wa mwezi? Hata mimi ni Mkristo.” Mama wa kabichi akamjibu, “Hata Yesu alipindua meza,” akamsukuma na matako mpaka akaketi ndani ya ndoo ya maziwa. Akainuka, akamuuma mama wa kabichi sikio. Damu ilishuka mpaka kifuani. Na viti tulibeba. Huyo mama wa viazi alilipa, na tuko naye kwa chama mpaka leo. Mwenye amekula ndiye anabebewa. Watoto wake tunawaachia blanketi na sufuria ya kupikia.

Kijana yangu wa mwisho ndiye alisukuma mkokoteni ya hivyo viti, na hiyo kitu ilimkaa kwa kichwa. Sasa ni mwanaume na ndevu, alikuwa golikipa wa timu ya hapa. Mikono yake ilikuwa kama jembe. Mpira ikiingia hapo hairudi kuuliza njia.

Hiyo timu mwenyekiti wake ni mtu wa mbao na mabati, anaongea kama amemeza asali na hataki imwagike: “Vijana wangu, mpira ni moyo. Mshahara itakuja. Tuvumiliane.” Basi wakavumilia. Mmoja akafungiwa nyumba, mwingine akauza viatu ya kuchezea akawa anaomba ya mwenzake. Na walikuwa wanashinda! Wanacheza na njaa, halafu wanakuja kwa jiko yangu nyuma ya uwanja, nawapea chapati na supu ya mifupa, nao wananiambia kama nyanya yao, “Shosho, andika deni.” Naandika na nini, na mimi sikuona shule hata dirisha? Naweka kwa kichwa.

Siku moja kijana yangu akawaambia wenzake, “Twende ofisi ya ligi, Nyeri. Tumshtaki.” Wakaogopa. Yeye akaenda na matope bado kwa magoti, na akarudi anacheka meno yote nje. “Mum, wameandika kila kitu. Wamesema watachukua hatua.”

“Hatua gani?”

“Si watambebea viti! Watambebea hata gari.”

Na mimi nikaamini. Kwani ningeamini nini ingine? Tukaketi tukingoja lori ya ligi ije kwa ile nyumba yake kubwa, nikawa nafikiria vile watapitisha hizo sofa kwa geti.

Lori haikukuja. Ilikuja redio. Yule mtangazaji mwenye anaongea kama anakimbizwa na nyuki akasema timu yetu imekatwa pointi kwa sababu imeshindwa kulipa madeni ya wachezaji. Kijana yangu aliwacha kijiko kwa sahani ya githeri. Hizo pointi zilitutoa katikati zikatutupa chini kabisa, na ilikuwa imebaki mechi moja tu.

Mji yote ikajua ni nani alienda Nyeri. Kesho yake tulikuta kuku yetu imening'inizwa kwa geti bila kichwa. Nikamwambia, “Usicheze hiyo mechi.” Akaniambia, “Nikikosa, watasema niliuza timu kweli.” Na akaenda.

Siku ya mechi nilimwona mtu wa ofisi ya ligi, kijana mdogo na tai nyekundu, amesimama karibu na jiko yangu anakula yai. Nikamwambia, “Wewe ndiye ulikata?”

“Sio mimi, mathe, ni kanuni.” Anaongea kama mtu amefungwa kamba kwa shingo. “Klabu nyingine inalipa wachezaji wake, inabaki haina kitu. Hii hailipi, na inaifunga ile inalipa. Hiyo ni haki? Tukinyamaza, nani atalipa tena?”

Maneno huyo wa tai alikuwa nayo. Halafu nikamuuliza, “Lakini hizo pointi, mwenyekiti alizitafuta siku gani? Alianguka kwa matope lini? Hawa mliambiwa hawajalipwa jasho, sasa mkakuja mkachukua hata jasho yenyewe. Fisi amekula mbuzi, unachapa mchungaji.”

“Mathe, anayeadhibiwa ni klabu.”

“Klabu ni nani? Mwite akuje hapa nimwone uso.”

Akafuta mdomo, akaenda.

Na walishinda, hiyo ndio uchungu. Kijana yangu alishika penalti, uwanja ikalia kama ng'ombe mia, na refa akapuliza. Kidogo kelele ikapoa. Mtu akasema, “Sasa?” Mwingine akasema, “Sasa nini, bado tumeshuka daraja.” Mwenyekiti alikuwa ameondoka na gari yake kabla ya filimbi. Mwenye kula hakuna, basi wakatafuta mwenye kusema.

“Ndiye huyo! Ndiye alituuza Nyeri!” Hiyo sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mbuzi amekanyagwa.

Waliruka waya. Wenzake wa timu walijaribu kumzunguka, wakapigwa mawe wakatawanyika. Walimshika miguu wakamvuta kutoka kwa nyavu, uso chini. Mmoja alikuwa ameng'oa ubao ya benchi, anampiga mgongo kama anatwanga mahindi. Mwingine, wa viatu ya mpira, gambuti nyeusi imepasuka kwa kidole, akasimama juu ya mkono yake wa kulia, akaruka. Akaruka tena. Nilisikia vile unasikia ukivunja muwa na goti.

Nilishika sufuria ya supu na vitambaa, ilikuwa inatokota, nikaenda nayo nikikimbia vile mwanamke wa umri yangu anaweza kukimbia. Nikamwagia wa ubao mgongo yote. Alilia, “Uuui mamaaa!” Nikamwambia, “Mama ndiye huyu!” Nikampiga na sufuria yenyewe kwa mdomo, na jino ikatoka ikaniruka kwa leso.

Wamama wa chama walikuwa nyuma yangu. Mama wa kabichi na kile kisu chake kirefu, anakata hewa tu, lakini hewa yenyewe ilikuwa inatetemeka. Mama wa viazi alishika mtu mkono akamuuma, meno ni yale yale. Mtu moja alipigwa na jiwe ya mizani akalala kwa nyasi, mguu moja inacheza peke yake. Yule wa tai nyekundu nilimwona akiruka ukuta, tai ikashika kwa chupa zilizovunjwa huko juu, akaiwacha hapo kama ulimi. Wa gambuti akanyemelea katikati ya watu akapotea.

Kijana yangu tulimbeba juu ya mlango wa kibanda yangu. Njia yote alikuwa ananiuliza, “Mum, vidole ziko?” Namwambia ziko. Hajaniuliza kama zitafanya kazi.

Daktari alitia vyuma. Wamama wakasema ni hivyo tu, sasa sisi twende kwa mwenyekiti vile tunajuanga. Tukaenda na mkokoteni mbili. Tukavunja kufuli na shoka, tukaingia na nguvu yote. Kulikuwa na misumari kwa ukuta mahali picha zilikuwa, na mbwa moja imefungwa. Kila kitu alikuwa amehamisha kwa ndugu yake huko Kerugoya, kabla hata redio haijasema. Huyo mtu alijua sheria ya wamama. Ya ligi haikumsumbua. Pointi haihamishwi kama sofa, na haikuwa yake.

Saa hii nafunga kijana yangu vifungo ya shati. Vidole mbili hazikunji. Ananiambia, “Mum, usinifunge kama mtoto,” na anangoja nimalize. Timu sasa iko ligi ya chini, na haijamwita. Kipa wa mkono moja wa nini?

Juzi nikiwa kwa jiko, mtu akaketi kwa benchi. “Shosho, chapati moja, na unipee chai.” Nikaangalia chini, nikaona gambuti. Nyeusi, imepasuka hapo kwa kidole. Nikampea chapati. Alikuwa anakula vizuri, yuko na adabu, hata alikuwa amepangusa meza kwanza.

“Shosho, unaona timu itarudi juu?”

“Itarudi, baba. Kipa ndiye hakuna.”

Akawacha kutafuna.

Nikachota chai kwa sufuria, ilikuwa inatokota, nikajaza kikombe mpaka juu. Nikamwambia, “Leta mkono, baba. Ule wa kulia.” Akaingiza mkono kwa mfuko ya koti, na kwa hiyo baridi ya mlima jasho ikamtoka usoni. Mimi sikuondoka. Nilikuwa nimeshika kikombe juu ya magoti yake, nikamngojea.